Kibuyu Kimoja cha Mama Wakuru

Nilifunga safari kwa sababu ya swali la Rehema. Rehema ni binti wa jirani yangu hapa Morogoro. Amesomea mambo ya vyakula, na nyuma ya nyumba yao ameweka mapipa matatu ya chuma kisichoshika kutu, anamopika bia yake mwenyewe kidogo kidogo, mara ya shayiri, mara ya mtama. Jumamosi mchana tunakusanyika pale watu sita au saba tunaojiona tunajua kuonja. Mkorofi wa kundi ni mimi. Kila nikipewa glasi nainusa, naonja, naitikisa, halafu nasema, "Nzuri, ila kuna kitu kinapungua." Siku hiyo binti wa watu alichoka. Aliweka jagi mezani akaniuliza, "Mzee Magesa, wewe unailinganisha na ipi?"

Pombe ambayo nimelinganisha nayo kila kilichopita kwenye koo langu, sijawahi kuinywa hata tone.

Hapo inabidi nieleze. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaanza shule, nikalelewa na mdogo wake, Mama Wakuru, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Butiama. Kazi yake ilikuwa kupika pombe. Mara mbili kwa wiki alipika ya mtama kwa kimea cha ulezi, na pombe hiyo ndiyo iliyonilisha, iliyonivisha na kunipeleka shule. Nilikua nikiinusa: unga ukikaangwa kwenye bati, mitungi ikitoa povu kwenye kona ya jiko, magunia ya kuchujia yakianikwa uani. Mtoto hapewi pombe, kwa hiyo nilisubiri nikue na mimi nikabidhiwe kibuyu changu.

Nikiwa kidato cha pili niliokoka shuleni. Sisemi vibaya juu ya wokovu. Wangu tu ndio ulikuwa wa makelele. Nilirudi nyumbani likizo siku ya mnada, nikakuta wateja wamejaa uani, nikaushika mtungi wa kwanza nikaupindua. Kisha wa pili. Madebe manne ya pombe yaliingia vumbini mbele ya watu huku mimi naimba pambio. Mama Wakuru hakunipiga. Alisimama akitazama mpaka ardhi ilipomaliza kunywa, akasema, "Ya mkono wangu hutaionja, mpaka siku nitakaposema mwenyewe."

Wokovu wangu haukumaliza miaka miwili. Neno lake limedumu miaka thelathini na mitano. Kila nilipokwenda kumsalimia alinipikia ugali, alinichagulia kipande kizuri cha samaki, aliuliza habari za mke wangu na watoto mmoja mmoja. Lakini kibuyu kikizunguka uani kilikuwa kinanipita, na watu wote wa pale walijua kwa nini. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuwa naumia.

Basi niliwaambia wateja wangu wa kazi za umeme kwamba natoka kwa wiki mbili. Nilikuwa nakwenda kumwomba mama yangu kibuyu kimoja kabla mmoja wetu hajaondoka duniani. Na kwa kuwa njiani kulikuwa na vilabu viwili vilivyonifundisha kunywa, nilipanga nivipitie. Rehema alinifungia chupa sita za bia yake kwa majani ya migomba na magazeti. "Mpelekee mama," alisema. "Mwambie na sisi tunajitahidi."

Saa tatu asubuhi, stendi ya Msamvu. Basi lilitokea Dar es Salaam likiwa limejaa, nikapata kiti cha nyuma juu ya tairi, chupa za Rehema nimezipakata mapajani. Dodoma, Singida, Shinyanga: sina la kuwasimulia zaidi ya mgongo wangu. Nililala Mwanza kwenye nyumba ya wageni yenye feni moja na mbu wengi.

Siku ya pili asubuhi, barabara ya Musoma. Baada ya Magu moyo ulianza kuchangamka wenyewe. Ziwa linaonekana upande wa kushoto, linajificha, linaonekana tena. Ukishapita Lamadi unaingia pale ambapo mbuga imegusa lami. Nyani wamekaa pembeni kama wanasubiri usafiri, na kwa mbali nyumbu wanakula bila habari na mtu. Abiria mgeni jirani yangu alitoa simu apige picha. Mimi nilikuwa natafuta mlima wa Balili, kwa sababu ukiuona huo, Bunda imefika.

Saa tano, Bunda. Nilikunywa chai ya maziwa na chapati stendi, nikapanda gari la Kibara. Barabara hiyo inaelekea Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na ndani ya gari kulikuwa na wanawake wawili wa Ukerewe wanaobishana kuhusu bei ya mihogo mpaka waliposhuka. Kibara nilifanya kazi nikiwa na miaka ishirini na mitano, tukitandaza nyaya kwenye ghala la samaki. Jioni baada ya kazi tulikuwa tunakwenda kwa Mama Mkami.

Kilabu chake bado kipo palepale, juu kidogo ya mwalo wanapotia nanga wavuvi, paa limebadilishwa na mabenchi yameongezeka. Mama Mkami mwenyewe amenenepa, anakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mkono mmoja, anaongoza kazi kwa kidole. Aliponiona alininyooshea na mimi.

"Wewe si ndiyo yule fundi uliangukaga na ngazi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ngazi ilipona?"

Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu kivulini walicheka sana, nikajua nimefika. Aliniletea kopo la pombe ya mihogo. Hii ni nzito, unainywa na kuitafuna, chini inaacha machicha ambayo wageni huyatema na wenyeji huyameza. Nilipoinywa mara ya kwanza ujanani nilidhani wananitania. Baada ya mwezi nilikuwa siwezi kulala bila hiyo. Mpaka leo nikipewa bia nyepesi inayopita kooni bila kuaga, naiona haina adabu, na huo ni ugonjwa nilioupata Kibara.

Nilikunywa kopo la pili taratibu. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya dagaa wanaokauka. Nilimkumbuka fundi mwenzangu Masatu, aliyekuwa akiimba akishalewa na aliyefariki ningali kijana, nikatamani awe pale angalau dakika tano. Macho yalinilenga machozi na sikuona haja ya kuyaficha.

Mama Mkami aliniuliza ninakoelekea, nikamweleza yote. Hakucheka.

"Mpika pombe hasamehegi haraka," alisema. "Wewe unaona umemwaga pombe. Yeye alikuwa ameamka siku saba kwa ajili ya hiyo. Na hizo chupa ni za nini?"

Nilimwambia ni zawadi kutoka kwa Rehema.

"Yaani unaenda kwa mpishi na chakula kimepikwa na mwingine? Heee! Nyie watu wa mjini! Acha hapa hizo. Mpelekee samaki na sukari."

Sikuwa na ubishi. Chupa sita ziligawiwa wavuvi, kila mtu mafunda mawili matatu. Mmoja wao aliuonja uchungu wake, akafikiri, akasema ingefaa sana kwa malaria. Mwingine alimaliza yake akaomba na ya mwenzake. Nilimpigia Rehema simu nikampa taarifa zote mbili, akasema ya pili ndiyo ataiandika kwenye kitabu chake. Niliondoka Kibara asubuhi iliyofuata na sato wanne waliobanikwa, wamefungwa vizuri kwenye mfuko wa kaki.

Saa saba mchana, Musoma. Kwenye mji huu nilijifunza ufundi na nilijifunza kunywa, na kuna siku sikumbuki nilikuwa najifunza kipi. Chumba changu kilikuwa Nyasho, na kilabu changu kilikuwa cha Mama Nyasatu, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Wokovu wangu ulipokwisha, kopo langu la kwanza nilinywea pale. Pombe yake ilikuwa chachu mpaka masikio yanasimama. Wanafunzi wa ufundi tulikuwa tunashindana nani atainywa bila kukunja uso. Sikushinda hata siku moja, lakini ulimi wangu uliondoka pale ukiwa umeamua kwamba kinywaji kisicho na uchachu ni uji.

Nilipotea. Bomba halipo, na nyumba ya tatu ina vigae mbele na runinga kubwa ya mpira. Dada mmoja wa makamo alikuwa anafuta friji la soda na bia za chupa. Nilimuuliza kwa Mama Nyasatu ni wapi.

"Ni hapa. Mimi ni mwanae, Sabina. Mama tulimzika mwaka juzi."

Nilikaa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimpa pole, nikajitambulisha, akanikumbuka kwa sababu ya mchezo wetu wa kukunja nyuso. Alikuwa msichana mdogo akituchungulia dirishani. Aliniletea soda ya chungwa, na mimi nikainywa mahali pale pale palipokuwa na mitungi ya mama yake. Ilikuwa tamu mno. Nilimuuliza kwa nini hakuendelea kupika.

"Nani atapika, kaka? Kuni hamna, wapangaji wanalalamika moshi. Na kimea kizuri kimeisha. Sisi tulikuwaga tunachukua kule Butiama, kwa mama mmoja anaitwa Wakuru. Mama hakukubali kingine."

Nilishika chupa ya soda kwa mikono miwili. Miaka mitatu yote niliyosomea ufundi pale, nilikuwa nakunywa kimea cha Mama bila kujua, au yeye akijua na mimi sijui.

"Wakuru ni mama yangu mdogo," nilisema. "Ndiyo naenda kwake kesho."

"Jamani! Basi umesikia ameacha? Bega limegoma. Hata kimea hatengenezagi tena."

Sikuwa nimesikia. Kwenye simu Mama huwa anasema yeye mzima, na mimi huwa natosheka. Niliaga, nikatembea mpaka ufukweni, pale penye mawe makubwa ambapo wanawake hufulia nguo, nikakaa muda mrefu. Nilikuwa nimetoka Morogoro kuomba kibuyu kutoka kwa mtu ambaye hapiki tena. Niliwaza kurudi. Halafu nikawaza kwamba kumbe nimekuja kwa ajili ya pombe tu na si kwa ajili ya mama mwenye bega bovu, na hilo lilinitia aibu iliyonisimamisha pale nilipokaa.

Siku ya nne asubuhi, Butiama. Nilishuka kwenye gari la abiria pale sokoni, nikanunua sukari, majani ya chai na kitenge, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Bodaboda ilinipeleka hadi kijijini kupitia njia ya mawe. Udongo wa kule ni mwekundu, na mawe yamepangana juu ya vilima kama mtu aliyapanga akaitwa chakula hajarudi.

Mama Wakuru alikuwa uani amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameulaza mapajani. Amepungua mwili. Nilipiga goti nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza habari za wote niliowaacha, akatazama samaki akawasifu, akaniambia kitenge kina rangi ya wasichana na kwamba atakivaa Jumapili hii hii. Tulikula pamoja. Baada ya kula nilimwuliza kuhusu bega.

"Halinyanyukagi. Hospitali walinichoma sindano, likanyamaza kidogo, likaanza tena."

"Na kupika?"

"Nimeacha."

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Nilijua kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Mama, nilikuja kukuomba msamaha kwa ile siku. Na nilitaka uninyweshe kibuyu kimoja cha mkono wako. Sikujua umeacha."

Alichambua maharage. Alitoa jiwe dogo, akalitupa mbali.

"Ulimwaga madebe mangapi?"

"Manne."

"Nilifikiri umesahau." Alinyoosha kidevu kuelekea jikoni. "Mtama upo. Ulezi upo kidogo, kimea kilibaki kibaba nusu, tutaongeza kwa jirani. Mitungi iko palepale. Kuni ziko huko mtoni. Na wewe mikono yote miwili inanyanyuka."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama siku saba.

Siku ya kwanza nilisaga mtama mashineni, nikaukanda kwa maji kwenye pipa, nikaufunika uchachuke. Mama alikaa kwenye kigoda akiniambia niongeze maji, nipunguze maji, na kwamba nakanda kama mtu anayeogopa unga. Siku ya pili nilikata kuni. Majirani walikuja mmoja mmoja kujifanya wanaazima chumvi. Walitaka kumwona fundi wa Morogoro mwenye miaka hamsini na moja akiota malengelenge.

"Sasa leo unapikia nani?" aliniuliza Mzee Marwa, mteja wa Mama tangu zamani. Alikuwepo ile siku ya madebe manne. Suruali yake ililowa.

"Nakupikia wewe, baba."

"Mimi nitakunywa nimesimama," alisema. "Safari hii nisilowe."

Siku ya nne ilikuwa ya kukaanga. Unga uliochachuka unamwagwa kwenye bati pana juu ya moto, unageuzwa kwa koleo bila kupumzika mpaka ubadilike rangi. Harufu yake ndiyo niliyokua nayo. Mama alikuwa ameniambia nikaange mpaka unga ufanane na rangi ya udongo wa uani, halafu akaenda kwenye jumuiya ya wanawake kanisani. Nilibaki peke yangu na harufu ile. Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa na miaka saba tena, mama yangu mdogo ana mabega mawili, na hakuna mtu niliyemkosea. Nilitaka harufu iongezeke. Niliongeza kuni. Nilijiambia kwamba mimi ni mwonjaji, Morogoro nzima inajua, na kwamba unga ukiiva zaidi kidogo ladha itakuwa na kina. Nikageuza na kugeuza huku nanusa, macho nimeyafumba.

Mama aliporudi alisimama mlangoni mwa uzio. Hakuhitaji kukaribia.

"Umeunguza."

Nilitazama bati. Nusu ya unga ilikuwa nyeusi.

"Nitautupa nianze upya, Mama. Mtama nitanunua mwingine."

"Hapana," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hapa hakimwagwi kitu tena. Changanya hivyohivyo."

Nilichanganya. Maji, unga wangu ulioungua, na kimea. Ndani ya kimea kile kulikuwa na kile kibaba nusu alichokiacha yeye alipokuwa bado anaweza. Siku mbili mitungi ilikaa kwenye kona, na mimi nilikuwa naamka kila alfajiri kuisikiliza. Siku ya tano usiku nilikuwa na hakika imekufa. Asubuhi yake nilikuta povu limeinua kifuniko, nikamwita Mama kwa sauti kubwa hata jirani akauliza kuna nini.

Siku ya saba, saa nane mchana, watu walikuja. Niliichuja kwenye gunia, madebe manne kasoro kidogo. Walikaa kwenye mabenchi yaleyale ya zamani, labda watu kumi na watano, wengi wazee, na kila mmoja alijua kilichokuwa kinaendelea, kwa hiyo hakuna aliyeongea kwa sauti. Mama alikaa kwenye kigoda chake amevaa kile kitenge. Nilijaza kibuyu, nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Lazima niwaambie kitu hapa. Kwetu pombe haianzwi na mgeni wala haianzwi na mkubwa. Anayeanza ni aliyepika. Anainywa mbele ya watu wote waone kwamba hakuna kibaya alichokiweka, ndipo kibuyu kinazunguka. Kwa Mama, maisha yangu yote, aliyeanza alikuwa ni yeye, na ndiyo maana nilimpelekea yeye.

Hakukipokea.

"Hii mimi sijapika," alisema, na alisema ili wote wasikie. "Amepika Magesa. Aanze mwenyewe."

Nilikivuta kibuyu kwangu. Nikanywa. Nawaambia ukweli kama mwonjaji: ilikuwa mbaya. Ilikuwa na uchungu wa mkaa mbele, uchachu ulikuja umechelewa, na mwisho wake ulikuwa moshi mtupu. Ningepewa hiyo kwa Rehema ningemtania mwezi mzima. Niliimeza yote, nikalia mbele za watu, na hakuna aliyenicheka.

Ndipo Mama aliponyoosha mkono wake wa kushoto. Nikajaza kibuyu tena nikampa. Alikunywa polepole, akatua, akakunja uso, akanywa tena. Nilimwomba aache, nikamwambia najua imeungua. Alinitazama juu ya kibuyu na akaendelea mpaka akakigeuza chini, lisidondoke hata tone. Kisha akakikabidhi kwa Mzee Marwa.

Mzee Marwa alionja amesimama, kama alivyoahidi.

"Inafaa kwa kukausha samaki," alisema, na hapo ndipo uwanja wote ulipasuka kwa kicheko. Waliinywa hadi jioni. Iliisha yote.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Butiama, Bunda, Mwanza, siku ya pili Msamvu, malengelenge yamekauka viganjani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa Rehema, nikawapa wenzangu habari kama nilivyoziandika hapa, na nilikunywa glasi nzima bila maoni. Siku hizi nampigia Mama kila Jumapili, na akisema mzima namuuliza bega. Sabina wa Musoma ameniomba nimpelekee kimea, maana kwa Mama nilijifunza na hicho kukitengeneza; tutaona.

Nimejifunza nini? Nilikwenda mkoani Mara nikiamini kwamba kusamehewa ni kurudishiwa ulichopoteza. Nilisamehewa, hilo sina shaka nalo, niliona kwa macho yangu kibuyu kikigeuzwa. Lakini nimebakiza jambo moja, na nimelichelewesha kwa sababu bado linanichoma.

Asubuhi ya kuondoka, bodaboda ikiwa inaunguruma nje ya uzio, Mama alikuwa ananifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya njiani. Nilipata ujasiri, nikamwuliza.

"Sasa Mama, ya kwako nitaionja lini?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa ananitazama nikiwa mgonjwa utotoni.

"Ya kwangu uliimwaga, mwanangu," alisema, akakaza fundo kwa mkono mmoja na meno, akanipa mzigo wangu.